Taa Ndani ya Tangi

Ndugu yako wa tumbo moja akianguka mbele ya macho yako, utasimama umwangalie?

Bila shaka umeshajibu. Wengi hujibu kabla swali halijaisha, na pale kijijini Marcenot waliojibu hivyo wamelala makaburini nyuma ya kanisa, kila mmoja kando ya yule aliyekimbilia kumwokoa. Anselme Gagnerot aliwajua wote kwa majina. Wa kwanza alikuwa baba yake.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka arobaini na saba. Jirani yao aliingia kwenye tangi la mbao kuchota machicha ya zabibu, akalegea ghafla kama nguo iliyodondoka kambani. Mzee Hector Gagnerot akatupa kofia chini na kumfuata. Hakuuliza, hakuita mtu. Walitolewa wote wawili kwa kulabu, na ile kofia ikabaki sakafuni siku nzima kwa sababu hakuna aliyethubutu kuiokota. Anselme alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mdogo wake, Gildas, alikuwa na saba.

Zabibu zikichacha hutoa hewa nzito isiyo na rangi. Haipandi kama moshi. Hutuama ndani ya tangi kama maji kisimani, na anayezama humo hana hata nafasi ya kupiga kelele. Wazee wa Marcenot walikuwa na kipimo chao. Mshumaa ulifungwa kwenye ncha ya ufito, ukateremshwa taratibu hadi uguse machicha. Ukiwaka, ingia. Ukizimika, kaa nje, hata kama Papa mwenyewe anakuita kutoka ndani. Na kulikuwa na sharti la pili, gumu kuliko la kwanza: aliyeanguka, usimfuate. Hector alilijua sharti hilo vizuri. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe.

Baada ya mazishi, Anselme alipewa kazi ya baba yake, akawa msimamizi wa chumba cha matangi kwenye shamba la familia ya Chaudenay. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitatu, lakini aliweza kubandika sikio kwenye ubao wa tangi na kukuambia divai imefika wapi, kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Zabibu za kwao ni pinot, na pinot haina simile. Ngozi yake ni nyembamba, vichala vyake vimebanana. Mvua ikizidi siku mbili inaoza, jua likizidi inakuwa uji. Anselme aliipenda hivyo hivyo. Alioa, akafiwa na mke, akabaki na paka mmoja na bustani ya vitunguu. Saa sita mchana alikunywa glasi moja, hakuongeza. Yeye ndiye aliyemlea Gildas: alimfundisha kupogoa mizabibu, alimnunulia suti ya harusi, na siku Gildas alipomuoa Mireille, Anselme ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba.

Miaka thelathini na saba ilipita chini ya usimamizi wake, na hakuna aliyekufa tangini.

Kisha akaja Thibault. Alikuwa mpwa wa bibi mwenye shamba, kijana mwenye diploma, mpole, anayesalimia kila mtu kwa jina. Mwaka mmoja kabla ya mkasa huu alipiga marufuku moto wowote ndani ya chumba cha matangi. Kuna mapipa ya pombe kali humo, alisema, kuna mbao kavu, na watu wa bima wameandika barua. Akanunua taa ya betri, nzuri, ya chuma, yenye mwanga mweupe, akamkabidhi Anselme kwa mikono miwili. Sheria hiyo iliandikwa na watu ambao miguu yao haijawahi kulowa divai. Lakini ukweli lazima usemwe wote: Anselme angeweza kukataa, na hakukataa. Alikuwa amechoka, na kijana alikuwa na adabu. Akafunga taa kwenye ncha ya ufito uleule wa zamani, akaendelea na kazi.

Vuli ya mwaka themanini na nne ilikuja na baridi ya mapema. Zabibu zilivunwa Oktoba, chini ya ukungu, na juisi yake ilikuwa baridi kiasi kwamba kwa siku sita haikutaka kuchacha. Wakawasha jiko la kuni katika ofisi iliyopakana na chumba cha matangi, wakaacha mlango wa katikati wazi ili joto lipite. Milango mikubwa ya nje wakaifunga, na chini yake wakakandamiza magunia upepo usipenye. Siku ya saba matangi yakaanza kunguruma. Anselme akafurahi. Kila mtu akafurahi. Magunia yakabaki palepale.

Wiki tatu baadaye, Jumanne asubuhi, ilikuwa zamu ya tangi kubwa kuliko yote, ambalo wafanyakazi waliliita Bibi Kizee. Divai ilikuwa imeshafunguliwa koki tangu alfajiri ikashuka kwenye mapipa, na ndani yalibaki machicha tu, yenye kina cha kufika kiunoni. Mtu mmoja alitakiwa aingie kwa juu, ayachimbue, ayarushe kwa ndoo. Kulikuwa pia na kamlango kadogo chini ya tangi, kamefungwa kwa nondo, lakini desturi ilikuwa kutokagusa mpaka aliyemo ndani ayasogeze machicha.

Saa tatu walikaa kula mkate na jibini juu ya masanduku ya mavuno. Walikuwa wanne: Anselme, Gildas, Mireille aliyesimamia mashine ya kukamulia, na Ludo, bonge la mtu, mwana wa fundi mawe.

"Kaka, mwaka huu divai tutaiuza kama siki," Gildas alisema. "Nimeionja, uso umenikunjamana kama nimemwona mama mkwe anashuka kwenye basi na mabegi."

"Mama mkwe wako ndiye aliyeuoka huo mkate unaoutafuna," Mireille akajibu. "Uteme basi."

"Mkate hauna kosa."

Ludo akacheka mpaka akapaliwa. Mireille akampiga mgongoni kwa kofi zito. "Na wewe kunywa maji, ng'ombe mkubwa. Mashine ni ya kuazima, saa nane wanakuja kuichukua. Nikikuta machicha hayajakamuliwa, nawakamua nyinyi."

"Umemsikia mkuu wa kituo?" Gildas akanyanyuka, akivua viatu. "Twende, kaka. Bibi Kizee anangoja kuogeshwa."

Anselme alipanda ngazi kwanza. Akainamia ukingo, akateremsha ufito. Taa ikashuka ndani ya giza, ikapita mbao zilizolowa wekundu, ikatua juu ya machicha. Iliwaka. Ilimulika kila ganda la zabibu, nyeupe, tulivu, haikutikisika hata kidogo.

Ni kitu gani kilimpata Anselme pale? Hakikuwa uzembe. Alikuwa amefanya kitendo kilekile kwa muda mrefu kuliko umri wa Ludo: ufito chini, macho kwenye mwanga, mwanga unawaka, sema neno. Macho yake yaliona mwanga, na shingo yake ikaitikia kabla akili haijauliza huo ni mwanga wa nini. Taa ya betri ingewaka hata chini ya bahari.

"Inawaka," alisema. "Ingia."

Gildas akapita ubavuni mwake akipiga mluzi, akashuka kwa ngazi ya ndani, uma wa shamba begani. Anselme akateremka chini kupokea ndoo, Ludo akapanda kushika nafasi yake ukingoni. Akasikia uma ukizama machichani. Ndoo ya kwanza ikapanda, Ludo akaivuta kutoka ukingoni. Ya pili ikachelewa.

"Oya, umelala?" Ludo akauliza, akichungulia.

Kamba ya ndoo ilikuwa imelegea.

"Gildas?"

Sauti ya Ludo ilibadilika, na kwa badiliko hilo peke yake Anselme akajua kila kitu. Aliiona taa machoni pake, nyeupe, haitikisiki, na sasa akaielewa.

"Kaanguka! Mzee Anselme, kaanguka kifudifudi!" Ludo alikuwa ameshapitisha mguu mmoja ukingoni. "Naingia!"

"Shuka!"

"Namwona, yuko hapa hapa, namshika shati tu..."

Anselme aliruka ngazi mbili mbili, na mtu wa miaka hamsini na minane haruki ngazi hivyo. Alimkamata Ludo kwa mkanda wa suruali akaning'inia kwa uzito wake wote. Wakaporomoka pamoja hadi sakafuni. Ludo akanyanyuka akiwa amekunja ngumi.

"Umerukwa na akili? Ni mdogo wako yule!"

"Ukiingia mtakuwa wawili. Fungua milango mikubwa, ng'oa magunia. Kisha chukua turubai la mavuno, panda tena, pepea hewa kutoka juu. Juu, chini, juu, chini. Uso ugeuze pembeni. Ukisikia kizunguzungu shuka, sitaki maiti wa pili. Nenda!"

Mireille alikuwa amekuja mbio kutoka kwenye mashine. Hakuhitaji kuambiwa. Aliikimbilia ngazi, na Anselme akamzuia kwa mkono.

"Niachie!"

"Shemeji, kimbilia kengele ya kanisa. Waite zimamoto, waje na oksijeni."

"Niachie nimtoe mume wangu, wewe mwanaume gani? Utamwacha afe kama mbwa?"

"Kengele, Mireille!"

Alimtemea mate. Yalimpata shavuni. Kisha akakimbia, na viatu vyake vya mbao vikasikika vikigonga mawe ya ua mpaka barabarani.

Anselme alichukua nyundo. Nondo ya kamlango ilikuwa imekazwa na ubao uliovimba. Alipiga mara moja, mara mbili, mara ya tatu ikaruka. Kamlango kakafunguka, na nyuma yake ukuta wa machicha, mweusi, umeshindiliwa. Hakuna kilichotoka. Hewa ile nzito ilikuwa imefungiwa juu, na Gildas ndani yake.

Akalala kifudifudi akaanza kuchimba kwa mikono. Alijua kwamba tundu likitoboka, sumu itamwagikia usoni. Ndiyo maana alivuta pumzi, akaifunga, akachimba akihesabu. Kumi na tano. Ishirini. Akanyanyuka, akakimbilia mlangoni, akavuta pumzi nyingine, akarudi. Machicha yalitoka kwa mafungu, vuguvugu, yakimchafua mpaka mabegani. Juu, turubai lilipiga kama bawa la ndege mkubwa. Ludo alikuwa akilia kwa sauti bila kuacha kazi.

"Bado sekunde ngapi mzee? Bado ngapi?"

Anselme hakuwa na pumzi ya kutoa kwa maneno. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu, na halikuwa sala: kila alipokwenda mlangoni kuvuta hewa, mguu wake ulitaka kupanda ngazi. Mguu wa Hector. Kuufuata mguu ule kulikuwa rahisi kuliko vyote. Ungeingia tu, na baada ya hapo usingelazimika kumwangalia Mireille usoni.

Alirudi kwenye tundu.

Safari ya sita, mkono wake ulipenya. Upande wa pili hakukuwa na machicha. Akahisi kitu kikipita juu ya kiganja, ubaridi mwepesi, kama maji yasiyolowesha. Hewa ilikuwa inamwagika. Akajitupa pembeni, akaiacha ipite sakafuni kuelekea milango iliyo wazi, akahesabu hadi ishirini, na hiyo ndiyo ishirini ndefu kuliko zote alizowahi kuhesabu maishani. Kisha akapanua tundu, akaingiza bega, akapapasa. Ubao. Uma. Kisigino.

"Nimempata! Shuka, Ludo, shuka!"

Walimfunga kamba kwenye vifundo vya miguu yote miwili wakavuta. Miguu ikatoka, mapaja yakatoka, kiuno kikapita kwa shida. Mabega yakakwama. Anselme akalala tena, akaingiza mkono wake kando ya mbavu za mdogo wake, akaupinda mkono wa Gildas juu ya kichwa kwa nguvu, na kitu kikalia ndani ya bega, lakini mwili ukapita.

Midomo ya Gildas ilikuwa ya rangi ya plamu. Wakamburuta hadi uani, kwenye baridi. Anselme akampangusa machicha mdomoni kwa kidole, akampulizia. Akampulizia tena. Kifua kilipanda kwa pumzi ya Anselme na kushuka, kama mfuko wa karatasi. Alipuliza hivyo mpaka kengele ikaacha kulia na zimamoto wa kujitolea wa kijiji wakafika, mwokaji mikate mbele, unga bado umemjaa mikononi, akiburuta mtungi wa oksijeni.

"Tupishe, Anselme. Tupishe, umefanya ulichoweza."

Kifua kikapanda chenyewe. Mara moja, kidogo. Kisha tena.

Mireille alipiga magoti, akamshika mumewe kichwa. Hakumtazama shemeji yake. "Ulikuwa unamwangalia tu," alisema, kwa sauti ya chini mno. "Angekuwa yeye ndiye nje, angeingia kukutoa."

"Angeingia," Anselme alisema. "Najua."

Hospitalini mjini daktari hakuficha neno. Moyo unapiga, mapafu yatapona, bega limeteguka na limerudishwa. Kichwa ndicho hawajui. Ubongo ulikaa bila hewa dakika kadhaa, na dakika hizo hakuna aliyezipima. Akiamka wataangalia kama anajua jina lake, kama mikono inamtii. Wengine huamka wakiwa kama watoto. Wengine hawaamki.

Jioni Thibault alifika, uso umempauka. Alisimama mbele ya benchi la Anselme kama mwanafunzi.

"Bwana Anselme, ile taa..."

"Taa haikusema ingia. Mimi ndiye niliyesema."

"Lakini mimi ndiye..."

"Wewe ndiye uliyekataza moto, na mimi ndiye niliyekubali kwa sababu ulinisalimia vizuri. Hilo tutalizungumza mbele ya wafanyakazi wote, bwana mdogo, siyo hapa koridoni. Matangi matatu yamebaki. Mtu asiingie. Yaoze kama ni kuoza."

"Hataingia mtu. Naapa."

"Usiape. Kakae mlangoni pa matangi."

Kijana akaondoka. Mireille, aliyekuwa benchi la pili, alisikia yote. Walikaa hivyo, yeye upande ule na Anselme upande huu, wakiutazama mlango mmoja. Muuguzi aliwaletea supu, ikapoa. Anselme alitazama mikono yake. Ilikuwa ya zambarau mpaka viwikoni, na alijua kuwa rangi ile haitatoka kabla ya wiki mbili. Mara kadhaa alitaka kumweleza Mireille kuhusu hewa, inavyotuama, inavyoua wa pili na wa tatu, na kila mara akaona kwamba maneno yale, hata yakiwa ya kweli kiasi gani, yangesikika kama ya mtu anayejitetea.

Asubuhi, saa moja, muuguzi alifungua mlango akawaita kwa kichwa.

Gildas alikuwa ameegemezwa mito miwili. Macho yalikuwa wazi, lakini yalitazama dirisha, na Mireille alipotamka jina lake hayakugeuka. Mbele yake kulikuwa na bakuli la kahawa ya maziwa na kipande cha mkate. Daktari alisimama pembeni, kalamu mkononi, haandiki. Anselme alibaki kizingitini.

Mireille akaketi kitandani. Akakata mkate, akauchovya kwenye kahawa kama wanavyofanya nyumbani, akaupeleka mdomoni mwa mumewe kama unavyomlisha mtoto. Midomo haikufunguka. Kahawa ikachuruzika kidevuni. Akajaribu tena, na daktari akavuta pumzi ili aseme jambo.

Mkono wa kulia wa Gildas ukanyanyuka kutoka kwenye shuka. Uliukosa mkate, ukashika hewa, ukaanguka. Ukanyanyuka tena. Mara hii vidole viliupata, vikaung'ang'ania, vikaunyang'anya kutoka kwa Mireille. Akauchovya mwenyewe, mpaka vidole vikazama kwenye kahawa, akautia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, akameza. Ndipo macho yakaacha dirisha. Yakampita Mireille, yakampita daktari, yakaenda hadi mlangoni kwa yule mtu mwenye mikono ya zambarau.

"Nani aliingia kunifuata?" aliuliza. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalikuwa yake.

Aliyejibu ni Mireille. "Hakuna."

Gildas akafumba macho, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeondolewa mzigo, kisha akanyoosha mkono kutaka kipande kingine cha mkate.